Chapa za Kejeli Dhidi ya Mfalme na Malkia Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanarudiwa sana na wanafunzi wa historia, walimu, wakusanyaji wa karatasi za kale, na watu waliokutana na picha ya mfalme mwenye mwili wa nguruwe wakabaki kushangaa. Majibu yanahusu hasa Ufaransa kati ya 1789 na 1795, na London pale inapoingia. Vichwa vya chapa tumeviacha katika lugha yake ya asili kwa sababu ndivyo utakavyovikuta kwenye makusanyo.

## Misingi

1. Chapa ya kejeli ni nini? Ni sawa na katuni ya gazetini?

Ni karatasi moja iliyochapwa upande mmoja kutoka kwenye bamba la shaba, ikauzwa peke yake dukani au mikononi mwa wachuuzi. Nyingi zinakaribia ukubwa wa A4. Aliyeinunua aliweza kuibandika ukutani, kuipitisha mkono kwa mkono mkahawani au kuitia kwenye jalada lake. Magazeti machache, kama lile la Camille Desmoulins liitwalo Révolutions de France et de Brabant, yalitoka na chapa ndani, lakini biashara kubwa ilikuwa ya karatasi moja moja.

Tofauti nyingine na katuni ya leo ni wingi wa maneno. Kuna kichwa, kuna maelezo ya chini, kuna maneno yanayotoka vinywani mwa wahusika, na mara nyingine herufi ndogo zinazoeleza nani ni nani. Anayetazama picha bila kusoma maandishi ni kama anayesifu rangi za kanga bila kusoma jina lake.

2. Mfalme Louis XVI alianza kukejeliwa lini?

Baadaye kuliko wengi wanavyodhani. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 Bunge lilimpa jina la Mrejeshaji wa Uhuru wa Wafaransa, na chapa za 1789 na 1790 kwa kawaida zilimchora kama baba mwema aliyezungukwa na washauri waovu. Hasira ya miaka hiyo iliwaangukia makasisi na makabaila. Chapa mashuhuri ya 1789 inamwonyesha mkulima mzee aliyeegemea jembe, amewabeba kasisi na kabaila mgongoni. Chini yake kuna maneno ya Kifaransa cha shamba: A faut espérer q'eu s jeu la finira bentôt, yaani tutumaini mchezo huu utakwisha karibuni. Mfalme hayumo.

Kilichomponza ni safari ya Varennes. Usiku wa kuamkia 21 Juni 1791 familia ya kifalme ilitoroka Paris ikielekea ngome ya Montmédy, karibu na mpaka. Walikamatwa Varennes, na tarehe 25 Juni wakawa wamerudishwa Paris chini ya ulinzi. Hapo ndipo nguruwe walipofurika madukani. Ukikuta chapa isiyo na tarehe ambayo ndani yake mfalme ni nguruwe, anza kwa kudhani ni ya baada ya Juni 1791. Mara nyingi utakuwa umepatia.

Malkia, Marie Antoinette, ni habari nyingine. Yeye alikuwa akitukanwa kwenye vijitabu vya siri miaka mingi kabla, na kashfa ya mkufu wa almasi ya 1785 ilimmaliza kabisa ingawa mkufu wenyewe hakuuagiza. Mapinduzi yalimkuta tayari ana jina baya. Wachoraji hawakulazimika kumbunia.

3. Nani walioziona, na watu wengi hawakujua kusoma?

Dirisha la duka lilifanya kazi kubwa kuliko kaunta. Wauzaji wa rue Saint-Jacques, wa Palais-Royal na wa kando ya mto Seine walizitundika nje, na wapita njia walikusanyika kuzitazama bila kulipa. Ajuaye kusoma aliwasomea wenzake. Ndiyo maana maandishi mengi yameandikwa kwa lugha ya mazungumzo, yenye makosa ya tahajia ya makusudi: yalikusudiwa kusikika, si kusomwa kimyakimya.

Kwa bei, mfano wa London ndio ulio wazi zaidi: shilingi 1 kwa chapa isiyo na rangi na 2 kwa yenye rangi ndicho kiwango kilichozoeleka kwa chapa nzuri. Kibarua hakuweza kuinunua kwa urahisi, lakini kuitazama kulikuwa bure.

## Wanyama, pembe na mafumbo mengine

4. Kwa nini mfalme ni nguruwe?

Msomaji wa Kiswahili hufikiria unajisi kwanza, hasa akiwa Mwislamu. Weka hilo pembeni. Wafaransa wa 1791 walikula nguruwe bila shida, na kila familia ya shamba iliyoweza ilimfuga mmoja. Maana yake ni mnyama anayelishwa kwa jasho la wengine, hafanyi kazi yoyote, na mwisho wake unajulikana. Kitisho kimo ndani ya kicheko.

Kuna chapa moja ambamo mtu anamburuta nguruwe mwenye kichwa cha Louis akilalamika: mnyama aliyelaaniwa huyu, amenigharimu mno kumnenepesha, ametoka sokoni hana mnunuzi, sijui nimfanye nini. Anasema nguruwe huyo ni "ladre". Neno hilo lina maana mbili: nguruwe ambaye nyama yake imejaa vimbe vya minyoo ya tegu, kwa hiyo haifai kuuzwa, na pia bahili. Ukitafsiri maana moja tu, mzaha umekufa. Nyingine, La famille des cochons ramenée dans l'étable, inaonyesha familia nzima ya nguruwe ikirudishwa zizini. Ni safari ya kurudi kutoka Varennes.

5. Pembe kichwani zinamaanisha shetani?

Hapana, au tuseme mara chache. Kwa Wafaransa, kama kwa majirani zao wa kusini mwa Ulaya, mwanamume mwenye pembe ni yule ambaye mkewe anatoka nje ya ndoa naye hana habari, au anazo na hana la kufanya. Katika Les deux ne font qu'un, yaani hawa wawili ni kitu kimoja, mfalme mwenye mwili wa nguruwe na pembe za kondoo dume ameungana kiunoni na malkia mwenye mwili wa fisi. Kichwani mwa malkia pana nyoka badala ya nywele, na manyoya ya mbuni juu yake. Wawili hao wanavutana huku na huku kwa mwili mmoja. Kichwa cha chapa kimeazima maneno ya ndoa ya kanisani, hao wawili si wawili tena, yakageuzwa kuwa tusi.

6. Malkia huchorwa kama fisi, mbuni na ndege mwenye kichwa cha mwanamke. Kuna tofauti?

Kubwa. Mbuni ni mchezo wa maneno: kwa Kifaransa mbuni ni "autruche" na Austria, alikozaliwa malkia, ni "Autriche". Katika La poulle d'Autryche ndege mwenye uso wake ameshika katiba mdomoni, anasema anameng'enya dhahabu na fedha kwa urahisi lakini katiba haimezeki. Hapo pia pana imani ya kale kwamba tumbo la mbuni huyeyusha chuma. Neno "Autrichienne", Mwaustria wa kike, linaishia na "chienne", yaani jike la mbwa, na wachoraji hawakuliacha lipite.

Fisi hapa si fisi wa ngano zetu, mlafi anayedanganywa na sungura. Wafaransa wengi hawakuwahi kumwona. Walikumbuka mnyama wa Gévaudan aliyeua watu kati ya 1764 na 1767, ambaye baadhi walidai ni fisi. Kwao fisi alikuwa mla watu wa kigeni.

Ndege mwenye kichwa cha mwanamke, harpi wa visa vya Kigiriki, alikuwa tayari sokoni. Mwaka 1784 zilitoka chapa za zimwi eti lililokamatwa Chile. Baada ya 1789 zimwi hilo likapewa uso wa malkia, na kucha zake zikachana Haki za Binadamu na Katiba. Kazi ya zamani ilitumika tena, na si mara moja tu. Tazama swali la 9.

7. Mfano mmoja wa kusoma chapa hatua kwa hatua?

Chukua Le Gourmand, yaani mlafi, inayojitaja kuwa ni tukio la Varennes la 21 Juni 1791.

Anza na meza. Louis ameketi mbele ya ndege wa kuchoma, mnene, na mjumbe amemletea karatasi ya kukamatwa. Mfalme anajibu, kwa lugha chafu kidogo, kwamba hayo yote hayamhusu, aachwe ale kwa amani. Nenda kwa malkia: anajitazama kwenye kioo huku akimuuliza mumewe kama bado hajamaliza bata mzinga wake wawili na chupa zake sita, maana chakula cha jioni kinawangoja Montmédy. Tazama mtoto: yuko kwenye sufuria ya haja.

Sasa jiulize picha inadai nini. Montmédy ilikuwa kilomita 50 hivi mbele. Chapa inasema ufalme ulipotea kwa sababu ya tumbo. Kwa kweli walichelewa kwa sababu nyingi: gari lilikuwa kubwa na zito, ratiba ya askari wa kuwapokea ilivurugika, na huko Sainte-Menehould Drouet, msimamizi wa kituo cha farasi, alimtambua mfalme akawawahi mbele. Na hawakuzuiliwa kwenye karamu. Waliwekwa nyumbani kwa Sauce, mwenye duka la mahitaji. Kwa hiyo usiitumie kama ushahidi wa kilichotokea. Itumie kama ushahidi wa kile ambacho wanunuzi wa Paris walikuwa tayari kukiamini.

8. Mfalme mwenye nyuso mbili ni nani?

Ni Louis yuleyule, safari hii kama Janus, mungu wa Kirumi mwenye nyuso mbili. Uso mmoja unaahidi kuilinda katiba, mwingine unaahidi kuiangamiza. Chapa hii ni ya 1791, mwaka ambao mfalme aliikubali katiba mwezi Septemba, miezi mitatu tu baada ya kuikimbia. Chapa zinazomwita Bwana Veto zinaendeleza hoja hiyo: katiba ilimpa uwezo wa kuchelewesha sheria, naye akautumia.

9. Kuna picha ya heshima ya mfalme lakini kavaa kofia nyekundu. Ni ya kumsifu au kumkejeli?

Hapo ndipo utamu ulipo: inategemea aliyeitazama. Tarehe 20 Juni 1792 umati uliingia kwenye kasri la Tuileries, na mfalme akavaa kofia nyekundu ya wanamapinduzi na kunywa kwa afya ya taifa. Baadhi ya wachapishaji hawakupoteza muda kuchora upya. Walichukua mabamba ya picha rasmi za zamani wakamwongezea kofia juu ya nywele zilizokwisha kuchongwa.

Kubadilisha bamba hufanyika hivi: sehemu isiyotakiwa hukwanguliwa kwa chuma chenye makali matatu, husuguliwa mpaka ing'ae, kisha bamba hugongwa kutoka nyuma ili shimo lililobaki lipande usawa. Kazi ikifanywa harakaharaka, mistari ya zamani hubaki kama kivuli. Tazama ukingo wa kofia kwa lenzi. Mara nyingi mawimbi ya nywele yanaonekana chini yake.

10. Chapa ya kichwa kilichokatwa ni kejeli kweli?

Unaizungumzia Matière à réflection pour les jongleurs couronnées ya Villeneuve, ya 1793: mkono ukishika kichwa cha Louis kwa nywele, damu ikidondoka, usuli mweusi. Kichwa cha chapa kinamaanisha jambo la kutafakari kwa wafanya mazingaombwe wenye mataji. Chini yake umewekwa mstari wa La Marseillaise, wimbo wa taifa wa Ufaransa wa leo, kuhusu damu chafu inayonywesha mitaro ya mashamba. Maandishi yanataja siku na saa: Jumatatu, 21 Januari 1793, saa nne na robo asubuhi.

Kicheko kimebaki kwenye neno "jongleurs" peke yake. Kwa hukumu yetu, hapa kejeli imefika mwisho wa kamba yake: ukishakata kichwa chenyewe, nguruwe hana kazi tena. Ndiyo maana baada ya Januari 1793 wachoraji waliwageukia wafalme wa nje.

## Zilivyotengenezwa

11. Hatua zilikuwa zipi?

Nyingi zilichorwa kwa asidi, njia ya haraka kuliko kuchonga shaba kwa mkono. Kuchonga kwa patasi kulichukua wiki nyingi. Kwa asidi, chapa ya tukio la jana ilitoka baada ya siku chache.

Bamba la shaba lilisuguliwa likawa kama kioo, kingo zake zikalazwa kwa tupa ili zisikate karatasi. Likapashwa moto, likapakwa tabaka jembamba la mchanganyiko wa nta, utomvu na lami, kisha likashikwa juu ya mshumaa likawa jeusi kwa moshi ili mistari ionekane vizuri. Mchoraji alichora kwa sindano, akiondoa nta bila kuikata shaba. Nyuma na kingo zikafunikwa kwa vanishi, bamba likatiwa kwenye asidi ya nitriki iliyoongezwa maji. Mapovu hutokea kwenye mistari. Yalifagiliwa kwa unyoya, maana povu likikaa, mstari unakatika. Bamba lilitolewa, mistari iliyotakiwa kubaki hafifu ikafunikwa kwa vanishi, likarudishwa ili mingine izame zaidi.

Makosa ya kawaida ni mawili. Asidi ikiwa kali mno, nta huinuka na bamba hujaa vidoadoa kama ndui. Kwenye chapa utaviona hasa mbinguni na ukutani. Nta ikiwa nzito mno, sindano haiifikii shaba na mstari hautokei kabisa.

Kuchapa: bamba lilipashwa joto kidogo, likapakwa wino mzito, likapanguswa kwa kitambaa na mwisho kwa kiganja, wino ukabaki mitaroni tu. Karatasi iliyoloweshwa ikawekwa juu, ikafunikwa kwa blanketi za sufi, ikapita katikati ya roli mbili. Karatasi kavu haivuti wino kutoka kwenye mitaro. Iliyolowa kupita kiasi hufanya mistari itawanyike.

12. Bamba moja lilitoa nakala ngapi?

Mia kadhaa nzuri, na hata zaidi ya 1,000 kama hukujali mistari kufifia au bamba lilikwanguliwa upya. Akwatinta, yaani ile njia ya kunyunyizia unga wa utomvu ili asidi itoe kivuli laini badala ya mistari, huchakaa mapema, pengine baada ya mia mbili au tatu. Kwa hiyo kivuli kikiwa kizito na laini una nakala ya mwanzo. Kikiwa na mabaka, bamba lilikuwa limechoka.

13. Kwa nini watu kwenye chapa hizi wanaapa kwa mkono wa kushoto?

Karatasi hupokea bamba kinyume, kama kioo. Mchoraji makini aligeuza mchoro kwanza. Mwenye haraka alisahau, ndipo unapokuta panga kiunoni upande wa kulia na herufi N iliyopinduka.

Sababu ya pili ni wizi. Mshindani alinunua chapa dukani, akainakili moja kwa moja kwenye bamba lake, na nakala zake zikatoka zimegeuka. Ukiwa na matoleo mawili, moja likiwa taswira ya kioo ya jingine, angalia lipi lina mikono na panga mahali pake. Kwa kawaida hilo ndilo la kwanza. Si kanuni ya uhakika, maana mwizi hodari naye aliweza kugeuza.

14. Rangi zilichapwa au zilipakwa?

Zilipakwa kwa mkono, rangi za maji, kwa brashi, mara nyingi kwa mpangilio wa mtu mmoja kupaka nyekundu na mwenzake bluu. Rangi ikivuka mstari ni dalili nzuri, si kasoro. Rangi pekee haithibitishi umri: chapa nyingi za zamani zilipakwa rangi karne ya 19 au hata ya 20 ili ziuzike.

## Majina, tarehe na sheria

15. Kwa nini za Paris hazina tarehe wala jina, ilhali za London zinavyo?

London kulikuwa na sheria ya 1735 iliyomlinda mchongaji dhidi ya wizi kwa miaka 14, kwa sharti kwamba jina na tarehe ya kutolewa viandikwe kwenye bamba. Mstari ule mdogo chini ya chapa ya Kiingereza ni hati ya kisheria. Paris hakukuwa na faida kama hiyo, na kutaja jina kuliweza kukuletea polisi, au umati.

Ikiwa jina la muuzaji lipo, anwani husaidia kuliko jina. Basset, kwa mfano, aliuza chapa rue Saint-Jacques, kwenye kona ya Mathurins. Wakati wa jamhuri maneno ya kidini yalifutwa kwenye majina ya mitaa, na chapa zake zikaandika rue Jacques tu. Ukiona "Saint" haipo, fikiria 1793 au 1794.

16. Ilikuwa hatari kuziuza?

Ndiyo, ila hatari ilihamahama. Tangazo la Haki za Binadamu la 26 Agosti 1789 liliruhusu uhuru wa kusema na kuchapa, lakini wenye mamlaka jijini Paris waliendelea kujaribu kuzidhibiti chapa. Zamu ilipogeuka, walioumia ni wa upande wa mfalme. Sheria ya 29 Machi 1793 iliweka adhabu ya kifo kwa atakayechochea kwa maandishi ufalme urudishwe. Boyer-Brun, aliyeandika kitabu cha kuzichambua na kuzilaani chapa za wanamapinduzi mwaka 1792, alikatwa kichwa 1794. Webert, muuzaji wa chapa za wafuasi wa mfalme Palais-Royal, alimalizwa mwaka uleule.

17. Serikali ilizilipia?

Nyingi zilikuwa biashara ya watu binafsi. Lakini Septemba 1793 Kamati ya Usalama wa Umma ilimtaka mchoraji Jacques-Louis David atumie kipaji chake kutengeneza vikaragosi dhidi ya maadui. Akatoa viwili, na kamati ikanunua nakala 1,000 za kila kimoja. Katika kimoja serikali ya Uingereza ni ibilisi mwenye uso wa George III makalioni, akiwatapikia watu kodi. Kingine ni jeshi la mitungi: "cruche" kwa Kifaransa ni mtungi, na pia ni mjinga. Kwa maoni yetu ni kazi nzito zisizochekesha. Mkono uliozoea picha za mashujaa haukuujua mtaa.

18. Wafuasi wa mfalme walikuwa na chapa zao?

Walikuwa nazo, na baada ya 1793 walizificha ndani ya picha zisizo na hatia. Iliyo maarufu ni ya jungu la mazishi chini ya mti wenye matawi yanayoinama. Usitazame jungu, tazama nafasi nyeupe kati ya jungu, shina na matawi, ukiwa hatua moja mbali. Utaona pua na kidevu cha Louis, kisha Marie Antoinette, kisha watoto. Picha ikipunguzwa sana kwenye simu nyuso hupotea, kwa hiyo ifungue kwa ukubwa kamili.

## Kutambua na kutunza

19. Nimepata moja. Nitajuaje kama ni ya kale?

Chukua lenzi ya kukuza mara 10. Ukiona gridi ya nukta zilizopangwa sawasawa, ni nakala ya fotografia ya mwishoni mwa karne ya 19 au baadaye, habari imeishia hapo. Mstari wa asidi ni mnene sawasawa na ncha butu, na wino wake unahisika kwa kidole ukipitisha taratibu.

Tafuta alama ya bamba: mstatili uliobonyea kuzunguka picha. Kukosekana kwake hakutoshi kuikataa, kwani wakusanyaji wa zamani walipenda kukata pambizo. Kisha iinue mbele ya mwanga. Karatasi ya Ufaransa ya wakati huo ni ya matambara, na kwa kawaida huonyesha mistari ya waya ya ungo: myembamba iliyobanana, na mingine inayoikata kila sentimita 2 au 3.

Kwa chapa za James Gillray wa London kuna mtego wa pekee. Mwaka 1851 mchapishaji Bohn alizichapa upya kutoka mabamba yaleyale, kwenye karatasi nene, nyingi zikiwa na picha pande zote mbili. Ni shaba ya kweli, ila tarehe iliyo kwenye bamba si ya karatasi hiyo, na bei yake ni ndogo sana.

20. Niitunzeje?

Usiitie laminesheni wala selotepu. Usiibandike kwenye mbao au kadibodi ya kawaida. Asidi yake huigeuza karatasi kahawia. Ihifadhi ikiwa imelala ndani ya karatasi isiyo na asidi, pakavu, unyevu ukikaribia asilimia 50. Anayeishi Mombasa, Unguja au Tanga ajue ukungu ndio adui wa kwanza: chumba chenye hewa, mbali na ukuta wa nje. Ukiitundika, mwanga usizidi luksi 50, na kamwe isipigwe na jua. Usijaribu kuiosha mwenyewe. Bluu na nyekundu za mkono huondoka na maji ndani ya sekunde.

21. Wapi nitaziona bila kulipa?

Gallica, tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, ina makusanyo mawili makubwa ya Hennin na De Vinck. Maktaba hiyo pamoja na Chuo Kikuu cha Stanford walikusanya picha zipatazo 14,000 za Mapinduzi. Jumba la makumbusho la Carnavalet limo kwenye tovuti ya Paris Musées, ambako picha nyingi ni huru kutumika. Kwa za London, nenda British Museum. Tafuta kwa kichwa cha asili, ukijaribu tahajia mbilimbili: "poule" na "poulle", "Autriche" na "Autryche".

## Hali za pembeni

22. Waingereza walimcheka Louis au walimlilia?

Yote mawili, kwa zamu. Safari ya Varennes iliwachekesha; Januari 1793 ilibadilisha mambo. Gillray, aliyefanya kazi na kuishi kwenye duka la Hannah Humphrey, alitoa The Zenith of French Glory tarehe 12 Februari 1793: mwanamapinduzi mchafu ameketi juu ya nguzo ya taa akipiga fidla, mashine ya kukatia vichwa ikiwa chini yake. Mwaka mmoja nyuma, mchoraji huyohuyo alikuwa amemchora mwana wa mfalme wake mwenyewe akiwa ameshiba hadi vifungo kukaribia kukatika, na mfalme George III akila yai kwa ubahili. Hakuna aliyemfunga kwa hizo.

23. Twiga mwenye kichwa cha mfalme ni wa Mapinduzi gani?

Si haya; ni ya Julai 1830, yaliyomng'oa Charles X, mdogo wake Louis XVI. Wakati huo mbinu ilikwisha badilika: lithografia, mchoro wa kalamu ya mafuta juu ya jiwe, haina alama ya bamba na hutoa nakala maelfu. Twiga mwenyewe alikuwa wa kweli. Alikamatwa Sudan, akatumwa na Muhammad Ali wa Misri kama zawadi, akatembea kwa miguu kutoka Marseille hadi Paris mwaka 1827, na mji mzima ukamwendea. Charles alipoanguka, mtu akaweka uso wake kwenye shingo ile ndefu na kuandika kwamba huyu ndiye "bête" mkubwa kuliko wote waliowahi kuonekana. "Bête" ni mnyama; ni mpumbavu pia.